Kofia ya Bwana Harusi

— Nani kamgusa Bwana Harusi? Aseme sasa hivi!

Aliyeuliza alikuwa Wembe, kinyozi, mkasi mkononi, mteja kamwacha kitini na nusu ya kichwa. Aliliuliza benchi zima, lile la mbao lililoegemea ukuta wa duka la kushonea la Mama Vifungo, ambako kila asubuhi watu hunywa kahawa ya Shangazi Birika na kutatua matatizo ya dunia wasiyoulizwa. Bwana Harusi si mtu. Ni kisanduku cheupe cha mtandao wa bure, kilichofungwa na watu wa mradi juu ya paa la duka hilo, ili familia zisizomudu bando nazo ziingie mtandaoni. Kilikuja kwa msafara wa magari, kikapigiwa vigelegele, na jina likapatikana hapo hapo. Sharti lilikuwa moja tu: asikiguse mtu. Tangu kije, mtaa ulikuwa kama una sherehe isiyokwisha. Shangazi Birika alimwona simuni mjukuu wake aliye mbali akicheka na meno mapya. Wembe alijifunza mitindo ya nywele ambayo hakuna kichwa mtaani kilichokuwa tayari kuipokea. Na leo saa nne, binti wa Mama Vifungo, aliyezoea kudoea mtandao nje ya ukuta wa benki mpaka mlinzi amfukuze kama kuku, angefanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi akiwa amekaa kwao, juu ya kiti. Saa tatu ilishapita. Mtandao hakuna.

— Jana mchana alikuwa mzima, alisema Wembe. Leo simu zote zimekufa macho wazi.

— Mimi sijamgusa, alisema Shangazi Birika. Mikono yangu imeshika birika tangu alfajiri.

— Mama Vifungo?

Mama Vifungo aliramba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano taratibu kuliko kawaida yake. Kugusa, hakugusa. Hilo angeliapia.

— Nimguse, nina wazimu? Mtihani ni wa mtoto wako au wa wangu?

— Basi ni yule wa vocha, Shangazi alidakia huku akimimina. Tangu Bwana Harusi aje, nani kanunua bando? Na leo duka kalifunga!

— Kaenda kuzika, Shangazi.

— Kaenda kuzika nini? Waya!

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Profesa akakohoa. Uprofesa wake ulitokana na miwani, na ile tabia ya kusema "kimsingi" kabla ya jambo asilolijua.

— Kimsingi, ndugu zangu, mtandao ni kama maji. Una mabomba yake, yamepita chini ya bahari. Na huko chini kuna papa.

— Papa anautakia nini mtandao?

— Joto. Papa mwenye mimba anapenda joto.

— Umesoma wapi hayo, Profesa?

— Mtandaoni. Juzi.

— Mbona wale wanao? Wembe alinyoosha mkasi kwenye maghorofa ya vioo upande wa pili wa barabara. Nimemnyoa mmoja wao asubuhi, simu yake inalia mfululizo.

— Labda papa wao wamefugwa, alisema Mama Vifungo.

— Sikilizeni mimi! Wembe alikuwa amepamba moto, na mteja wake sasa alikuwa amesimama mlangoni na shuka shingoni. Mtandao una mazoea. Umekulia kwenye vigae na viyoyozi. Ukiletwa huku kwenye mabati unashtuka, watu wakilala unatoroka kurudi kwao. Kama paka aliyehamishwa!

— Tuufunge kamba?

— Tuuwekee vigae! Ngoja nipande juu nikamwangalie...

— Asipande mtu!

Sauti ilimtoka Mama Vifungo kali kuliko alivyokusudia. Aliishusha.

— Sharti ni lile lile, baba. Asiguswe.

— Au ni mvua? alisema Shangazi. Maana jana jioni wingu lilivyokuwa jeusi...

— Mvua haijamfikia.

— Umejuaje?

— Nasema tu, Shangazi. Mimina kahawa.

Profesa aliinuka kabisa. Hilo ni jambo alilolifanya kwa nadra, maana akiinuka nafasi yake inaliwa.

— Kimsingi, huu ni mpango! Kuna satelaiti, imegeuzwa uso makusudi. Watoto wa huku wakisomea uuguzi, watoto wa huku wakiwa madaktari, nani atabaki kuwafulia shuka?

Hapo hakucheka mtu. Mama Vifungo alizitazama shuka za watu alizokuwa akizipinda mapajani. Kwa ajili ya kamera ya mtihani alikuwa amemshonea binti yake kola nyeupe, akaipiga pasi kama ya bibi harusi. Chini avae kanga, nani angeona? Jua lilikuwa linapanda. Lastiki iliyobaki mfukoni mwake ilimchoma kama kaa la moto.

Binti mwenyewe akatokea anakimbia, kola inang'aa, kanga kaishika kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu! Umepata hata kidogo?

— Hata kidogo. Nimepanda mpaka ngazi za juu kabisa nyumbani kutafuta.

— Ni papa, mwanangu, alisema Profesa kwa huruma.

Binti alimtazama Profesa, akatazama paa, ambalo pale benchini linazibwa na kibao cha duka.

— Papa gani? Nimeona kutoka kule juu. Mtandao haupenyi kwenye sufuria. Nani kamfunika Bwana Harusi na sufuria?

Profesa alisema "kimsingi", akaishia hapo. Wembe alikwishaikumbatia ngazi ya kupandia paani, mguu mmoja hewani, mteja akimshikilia kwa chini na shuka yake shingoni.

Mama Vifungo aliichomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake.

— Lile wingu la jana, mwanangu. Nikasema huyu mgeni analala nje, na kesho ndiyo siku yako. Nikamvisha sufuria asinyeshewe, nikaifunga na lastiki. Kidole changu hakikumgusa, wallahi. Lakini ni mimi. Nimemfunika mimi.