Kanesheni za Njano za Mzee Baridi

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi viatu, na likikosa kelele majirani hudhani tumehama. Leo tulikuwa wanne: Fundi mwenyewe, Kinyozi, Wakili ambaye hajawahi kukanyaga mahakama ila kama mshtakiwa, na mimi. Mama Kahawa alimimina bila kuulizwa. Mwenzetu Mzee Baridi alifariki jana, mazishi ni alasiri, na mbele yetu kwenye ndoo ya maji kulikuwa na kanesheni za njano, maua aliyonunua Wakili. Nilitamani kumchapa nazo.

— Nani kakutuma ununue njano? Kinyozi alifoka. Kanesheni ya msiba ni nyeupe. Nyekundu ni mapenzi. Njano ni "sikutaki, nenda zako".

— Kakwambia nani?

— Mteja wangu. Alimpelekea mchumba za njano, akarudishiwa na pete juu.

— Huyo alirudishiwa pete kwa sababu ya mdomo wake, alisema Fundi.

— Jamani, nilichagua njano kwa ajili ya aiskrimu yake, Wakili alijitetea. Mmesahau rangi yake?

Nani asahau? Kila Jumapili Mzee Baridi alitengeneza aiskrimu nyumbani kwake: maziwa, viini vya mayai na sukari, kwenye mkebe wa bati uliozungukwa na barafu na chumvi, na mpini anauzungusha kwa mkono mpaka mchanganyiko ugande. Kisha anatuletea hapa. Ukitia kijiko mdomoni meno yanakufa ganzi, halafu utamu unakuja taratibu, na hata Wakili ananyamaza. Ee Mungu, niliipenda siku ile kuliko sikukuu yoyote.

— Aiskrimu si ua, Kinyozi alishikilia. Mjane akiona njano atajua tunamfukuza marehemu.

— Kwani alikuwa anarudi? Fundi aliuliza.

— Usinichekeshe msibani! Tuzichovye kwenye wino mwekundu.

— Wino ukidondokea sanda, watasema tumemuua sisi.

— Basi tuchomeke nyekundu moja katikati.

— Naam! Wakili aliitikia. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Methali hiyo inakupinga mwenyewe.

— Methali haina upande, kaka.

Fundi alichomoa ua moja, akalizungusha mbele ya macho.

— Nyinyi hamjui. Mnaona lilivyochanikachanika pembeni? Ua hili linasikia uchungu. Kila maziko linapasuka kidogo.

— Na yale ya harusini?

— Hayo ndiyo yamepasuka zaidi.

Tulicheka, kicheko kibaya, kisha kila mtu akatazama viatu vyake.

— Mtu amekufa, alisema Mama Kahawa, mnabishana rangi. Semeni tu mnaogopa kwenda.

Ndipo tukamwona binti wa marehemu anavuka barabara, kitambaa kichwani, amekumbatia kitu kilichofungwa taulo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Fundi alimnyooshea maua haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo.

— Haya ni ya baba.

— Mazuri, baba zangu. Asanteni.

Ndiyo hivyo tu. Asubuhi nzima ya ubishi ikaishia hapo, na Wakili akanitazama kwa jeuri. Binti aliweka kile kitu kwenye benchi, akafungua taulo. Ulikuwa ule mkebe wa bati.

— Hii aliitengeneza jana, nikaiweka kwenye friza. Alikuwa anamalizia kuzungusha, akaanguka palepale.

— Bega lilimshinda? Kinyozi aliuliza.

— Moyo. Daktari alishamkataza kazi ya mkono tangu mwaka jana. Mama alimfichia mpini, akautafuta hadi akaupata uvunguni. Akasema, "Vijana wangu wananingoja."

— Hakutuambia, alisema Fundi. Wallahi, mwanangu, hakutuambia.

— Najua. Aliogopa mngemkataza.

Mama Kahawa aliweka birika chini. Binti alipangusa mikono kwa taulo, akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, na hilo lilituuma zaidi.

— Mama hataki kuiona ndani ya nyumba. Kaniambia niwaulize: mnaila, au niimwage?

Kinyozi aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kusema imwage, nikataka kusema lete kijiko. Jua lilikuwa limeshapanda. Mkebe ulianza kutoa jasho, na binti akaendelea kusimama, anasubiri tumjibu.