Alio Keinan na Kifaa Kisichokuwemo Kitabuni

Marehemu Alio Keinan alizaliwa Hadado mwaka 1946, kando ya kisima, ngamia wa baba yake wakisubiri zamu ya maji. Mama yake alisimulia kuwa mtoto alitulia kila alipoona kamba ya ndoo ikishuka gizani.

Alisoma Wajir, kisha akasomea umeme Nairobi na kuhitimu mwaka 1968. Alirudi na kitabu cha alama za michoro ya umeme, akakitunza kwa heshima.

Mwaka 1971 alimwoa Hinda Mursal. Hinda alizoea kukuta michoro mchangani, mlangoni pa nyumba yao Garissa. Siku moja alikuta kisanduku kitupu kimechorwa.

"Hiki nacho?"

"Ni mimi. Simo kitabuni."

"Basi andika pembeni unavyofanya kazi, nikuelewe!"

Alihudumia pampu za visima hadi Elwak. Vipuri vilipokosekana huko Elwak, alitengeneza swichi kwa mtungi wa plastiki unaoelea katika birika la kuhifadhi maji: maji yakipungua, mtungi unashuka, pampu inawaka. Alama yake haikuwemo kitabuni. Mwaka 1992 mkubwa wake kazini alimwambia, "Chora swichi ya kawaida, mzee. Nani atakuja kuangalia?" Alio akatii. Lakini waya wa tatu wa mtungi, ambao mchoro huo haukuuonyesha, ulitoka jenereta ya pili, ukabaki na umeme hata swichi kuu ilipozimwa. Fundi Abdow aliuamini mchoro, akapoteza vidole viwili. Alio hakumlaumu mkubwa; alisema mkono uliochora ni wake.

Tangu hapo alichora upya michoro yake yote. Kila kifaa cha kubuni alikizungushia mistari ya vipande vipande, akazipa nyaya nambari na kueleza pembeni. Hata usingizini, alisema, mistari ile ilimpitia kama njia za ngamia zielekeazo maji.

Mwaka 1997 aliugua figo. Kitandani aliulizia mchoro wa Elwak tu. Tarehe 3 Machi 1998 fundi Kerrow alifika kutoka huko.

"Adeer, ami yangu, mkono wangu ulikuwa njiani kuushika waya wa tatu. Nikasoma maandishi yako."

"Umerudi na vidole vingapi?"

"Kumi."

"Hesabu, nisikie."

Kerrow akahesabu polepole. Alipofika kumi, mzee alikuwa amelala, uso umekunjuka. Alifariki kesho yake adhuhuri.

Ameacha mjane, Hinda. Watoto Ramlo, Nuh na Samsam. Wajukuu watano, na michoro thelathini na mmoja isiyodanganya. Tusiulize nani atakuja kuangalia. Kerrow alikuja.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na mikono yake ipumzike kwa amani.