Panditji Nautiyal na Ua la Siku ya Nne

Ifikapo tarehe 30 Septemba 2024, Bwana Vishambhar Dutt Nautiyal, Mpangaji Mkuu wa Safari katika ofisi yetu ya Njia Mbili hapa Joshimath, atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi mitano ya utumishi. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka thelathini." Mstaafu wetu aliiona mezani, akaipigia mstari mwekundu, akaandika pembeni hesabu kamili, na kuongeza kwamba Februari ya mwaka huu ilikuwa na siku ishirini na tisa.

Sote tunamwita Panditji, yaani mheshimiwa kuhani. Ametoka katika ukoo wa makuhani, hilo ni kweli. Lakini jina lilimganda zaidi kwa sababu yeye husema kila jambo kana kwamba limeteremshwa.

Alianza kazi Mei 1993 akiwa karani wa kugonga mihuri. Mwaka uliofuata akabuni Mpango wa Siku Sita, ambao mpaka leo ndio unaotulisha. Kabla yake tulikuwa na wateja wa aina mbili wasiojuana. Wapo waliokuja na miwani ya kukuzia na vitabu, wakitaka Bonde la Maua. Wapo waliokuja na vilemba na sala, wakitaka ziwa takatifu la Hemkund. Kila kundi lilikuwa na gari lake, mpishi wake na hasara yake. Panditji akatazama ramani akaona jambo ambalo kila mchunga nyumbu wa mizigo alilijua: pale Ghangaria njia inagawanyika, kushoto maua, kulia ziwa, na mtu akilala hapo atakwenda huku leo na kule kesho. Akawapakia wote katika gari moja. Wazo lilikuwa zuri sana. Tunalikiri mapema ili tupate nafasi ya kusema mengine.

Mengine ni ratiba. Ratiba ya Panditji haikuachia mlima kazi yoyote. Chai pale Pulna, kijiji cha njiani: dakika kumi na mbili. Kustaajabia theluji: dakika saba. Kupanda kutoka Ghangaria hadi ziwani, njia inayopaa zaidi ya mita elfu moja na mia mbili: saa tatu. Kuoga ziwani: dakika tano. Wenyeji wanajua kwamba maji ya Hemkund, kwa baridi yake, mtu huyaingia na kutoka kwa pumzi moja. Mwaka 1998 mfanyabiashara mmoja wa Delhi, mtu wa kufuata maandishi, aliingia na saa yake mkononi akakusudia kuzimaliza dakika zote tano. Dakika ya pili watumishi wa hekalu lililo kando ya ziwa walimtoa akiwa na rangi ya bilinganya, wakamzungushia mablanketi matatu na kumnywesha chai. Alipopata sauti alidai arudishiwe dakika tatu zilizobaki. Panditji alipoletewa habari hiyo alifurahi sana. Alisema huyo ndiye mteja wa kwanza kuielewa ratiba.

Ofisi nyingine zote za mji huu huanza na bonde, kwa kuwa ni jepesi na huuzoesha mwili hewa haba, kisha hupeleka watu ziwani. Panditji alianza na ziwa. Kauli yake ilikuwa "Mungu kwanza, bustani yake baadaye," na wazee wa Ludhiana wenye shinikizo la damu walipopanda siku ya tatu wakihema kama mivukuto ya mhunzi, walifariji nafsi zao kwamba angalau wako katika mpangilio sahihi wa kiroho.

Sasa tuseme lile ambalo wageni wengi hawalijui. Mtu aliyewapandisha maelfu ya watu alikuwa, mpaka Agosti hii, hajawahi kupanda. Mlima hufunguliwa ofisi inapofunguliwa, na hufungwa ofisi inapofungwa. Maua yakichanua, simu zinalia. Simu zikinyamaza, njia iko chini ya theluji. Hiyo ndiyo sababu aliyotupa kila mwaka, na ina mantiki isiyovunjika, kama mantiki ya mpishi asiyeonja. Ardhi ilipodidimia mwaka jana na ukuta wa ofisi ukapasuka, kama kuta nyingi za mji huu, Panditji alisogeza meza yake hatua mbili, akaandika tarehe kando ya ufa, na kuendelea kupanga safari.

Haki itendeke, hata hivyo. Juni 2013, mto ulipofumuka na kubeba daraja la Govindghat, mwanzoni mwa njia, ofisi nyingine zilishinda siku mbili zikiulizana wateja wao wako wapi. Sisi tulikuwa na watu arobaini na watatu milimani. Panditji alifungua jalada lake, akasoma kwa sauti kila jina na mahali mwenyewe anapopaswa kuwa saa ile, kibanda kwa kibanda. Wote walipatikana, wengi wao mahali palepale. Ni mara moja tu katika miaka thelathini na moja ambapo karatasi na mlima vilikubaliana, na ilitosha.

Tunafika Agosti ya mwaka huu.

Katika Mpango wa Siku Sita kuna mstari usemao: "Siku ya nne, Bonde la Maua. Ua la buluu litaonekana." Ni lile ua la miinuko, lenye shina la miiba, ambalo watu huvuka bahari kulitafuta. Waongoza safari wetu wamemwambia Panditji kwa zaidi ya miaka kumi kwamba bondeni ua hilo ni la kubahatisha. Makao yake hasa ni juu, kwenye miamba ya njia ya Hemkund, ambako mahujaji hupita wameinamisha vichwa, wakitaja jina la Mungu na kuhesabu ngazi. Jibu lake lilikuwa lilelile kila mwaka: karatasi zimeshachapwa.

Mteja wetu mmoja wa mwezi huo, Mwalimu Surjit Kaur wa Patiala, mwenye umri wa miaka sitini na saba, alifundisha elimu ya mimea kwa miaka thelathini na mitatu. Kila mwaka aliwachorea wanafunzi wake ua hilo ubaoni, na hakuwahi kuliona. Kaka yake, Sardar Ajaib Singh, mhandisi mstaafu wa mifereji, alikubali kumsindikiza mara moja tu, kwa sharti kwamba hija iwemo. Magoti ya Mwalimu yalikuwa yameshampa taarifa kwamba mwakani yasihesabiwe. Kabla ya kulipa alituandikia barua kuuliza kama kweli ua litaonekana. Panditji alimjibu kwa neno moja, "Litaonekana," akatia sahihi na muhuri.

Siku ya tatu Mwalimu alipandishwa ziwani ndani ya kikapu mgongoni mwa mchukuzi, mvua ikinyesha, yeye amefunikwa nailoni kuanzia utosini. Alisali, akagusa maji, akala wali wa dengu wa hekaluni, akateremshwa. Siku ya nne, asubuhi, walifika kwenye lango la bonde wakakuta maporomoko yameikata njia usiku na askari wa misitu wanarudisha kila mtu. Mwalimu akaketi juu ya jiwe. Akamwuliza mwongozaji wetu, Dilbar Singh Chauhan, sasa ua litaonekana wapi.

Dilbar ni mtu wa Bhyundar, kijiji cha njia hiyohiyo, na watu wa Bhyundar hawajui kupaka maneno siagi.

"Mwalimu," akasema, "tulilipita jana. Wewe ulikuwa ndani ya nailoni."

Mwalimu hakulia wala hakugomba. Aliomba simu. Tuliokuwa ofisini tulisikia kila neno, kwa sababu Panditji huweka simu kwa sauti kubwa ili mashahidi wawepo.

"Bwana Nautiyal, mwanafunzi wangu akikosea jibu, simruhusu aniambie karatasi imeshachapwa. Nina siku moja. Nionyeshe ua."

Panditji aliusoma upya mstari wa siku ya nne kwa muda ambao katika ratiba zake ungetosha kustaajabia theluji mara mbili. Kisha alifunga droo, akachukua mwavuli, akatoka bila kuandika katika daftari la kutoka. Bi. Kusum Rana, ambaye sasa anarithi meza yake, alikwenda kulitazama daftari hilo mara tatu, akidhani macho yake yana kasoro.

Aliingia Ghangaria jioni, amevaa viatu vya ofisini vilivyokuwa vimegeuka viatu vya matope. Akamkuta Sardar Ajaib Singh anafunga mizigo. Treni yao ilikuwa inawangoja Haridwar. Sardar alisema hija imekwisha, na kwamba ua ni ua tu, dada.

"Na wewe ziwa ulilolivukia mto na mvua," Mwalimu akamwuliza, "ni maji tu?"

Sardar akaenda kunywa chai. Aliporudi alianza kufungua mizigo.

Walianza kupanda saa kumi na moja alfajiri, Mwalimu juu ya nyumbu, Dilbar mbele, Panditji kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya saa tatu, muda ambao kwa mujibu wa maandishi yake angekuwa tayari anaingia majini, alikuwa amefika kibanda cha pili cha chai. Alimwuliza mwenye kibanda kumebaki umbali gani. Mwenye kibanda akamjibu kama anavyowajibu wote, kwamba ni karibu tu. Panditji alimtazama kwa uchungu mkubwa. Neno hilo lipo mara tisa katika Mpango wa Siku Sita.

Mahujaji waliokuwa wakishuka walimpita makundi kwa makundi wakimtia moyo. Bibi mmoja wa miaka themanini, peku, alisimama akamtia kipande cha sukari mawe mdomoni na kumwambia, "Kula, mwanangu. Baba mzima usitutie aibu njiani." Panditji alikula.

Saa tano asubuhi alifika kibanda cha mwisho, akakaa, na miguu ikakataa. Kushuka lazima kuanze saa nane mchana. Huo ni utaratibu wa njia, na hakuna anayeujua kuliko yeye, maana ameuandika kwa herufi nene. Aliwaambia waende wamwache. Mwalimu alishuka kwenye nyumbu, akashika mkono wa Dilbar, wakaingia kwenye ngazi za mawe, ukungu ukawameza.

Waliliona kando ya ngazi, chini ya jabali lililochongoka, mashina matatu. Dilbar anasema Mwalimu alipiga magoti yale yaliyokuwa yamestaafu, akatazama kwa muda mrefu bila kugusa, kisha akacheka peke yake. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amelichora ua limesimama wima likitazama juu, kama askari kwenye gwaride. Kumbe lenyewe limeinama, linatazama chini, na mvua inalipita mgongoni.

Aliporudi kibandani alimweleza Panditji yote hayo, na akamalizia kwamba, kwa hiyo, karatasi zao wote wawili zilikuwa na makosa. Dilbar, kwa huruma, akajitolea kukimbia juu akamletee mzee walau petali moja, ingawa kuchuma kumekatazwa na yeye anajua hivyo. Panditji alikataa, na tunayaandika maneno yake hapa kwa kuwa ni ya mtu aliyekuwa hana pumzi ya kupoteza.

"Ukilileta, litakuwa limeletwa. Mimi niliandika litaonekana."

Kisha akauliza lilionekana saa ngapi hasa. Mwalimu akamjibu kuwa saa sita kasorobo. Panditji akatoa kalamu na karatasi ya Mpango, akaukata ule mstari wa siku ya nne, na juu yake akaandika: "Siku ya tatu, njia ya Hemkund, ngazi za juu. Ua la buluu huonekana, ukungu ukikubali." Katika miaka yote ya Mpango wa Siku Sita, hii ndiyo mara ya kwanza mlima kuombwa ruhusa.

Akashuka bila kuliona ua, wala ziwa. Alifika Ghangaria amemtegemea Sardar Ajaib Singh, aliyepanda mpaka kibanda cha kwanza kuwapokea na, kwa maelezo yake, kunyoosha miguu. Ndugu hao waliikosa treni. Walipofika Joshimath, Mwalimu aliingia ofisini, akakata jina lake katika daftari la malalamiko, ambamo alikuwa ameomba kwa simu aandikwe, akaweka saini. Bi. Rana alitaka kujua aandike sababu gani. Mwalimu akamwambia aandike: "Jibu limesahihishwa."

Kwa niaba ya waongoza safari, wachukuzi, wapishi na wachunga nyumbu ambao umewahesabia dakika za chai kwa miaka thelathini na moja, Panditji, tunakushukuru. Uliwakalisha wapenda maua na wapenda Mungu katika kiti kimoja, wakagombana kuanzia Rishikesh, wakashuka wakiandikiana barua. Watu arobaini na watatu wako hai wanalijua jalada lako. Hatutakukumbuka kwa kusikiliza ushauri. Tutakukumbuka kwa kuwa uliposikiliza, ulikuja mwenyewe.

Kamati ilipendekeza kukuzawadia saa ya ukutani. Wachukuzi walipinga kwa kauli moja. Unapewa viatu vya mlimani, namba nane, vyenye soli ya kushika mawe. Hekalu hufungwa Oktoba, kwa hiyo unaweza kuliwahi ziwa kabla ya theluji. Maua ya mwaka huu yamekwisha, na ua la buluu halitarudi mpaka Julai. Mwezi huo simu zitalia kama kawaida, na Bi. Rana ndiye atakayezipokea. Nafasi yako katika safari ya Julai imeandikwa kwa jina lako pamoja na Dilbar. Mbele ya neno "kupanda," mahali pa kujaza saa, hatukujaza kitu.

Nenda salama, Panditji. Uishi miaka mingi na magoti mazima, na ukungu ukukubalie.