Mama Mizani, Aliyeupima Upya Utafiti Wake

Ndugu waombolezaji, walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sayansi za Afya mliojaa mpaka kwenye ngazi, majirani, shemeji yangu na wapwa zangu, mimi ni mdogo wake marehemu, wa pili kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Dada tu, na huko kazini, kuanzia mlinzi wa getini hadi wakubwa wa chuo, walimwita Mama Mizani. Nitasoma kama alivyoishi, bila kutia chumvi na bila kupunguza, na anayetaka kucheka acheke, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na subira na watu wa kununa.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1957, katika nyumba za watumishi wa hospitali ya wilaya, nyumba ya mwisho karibu na tangi la maji, akiwa kifungua mimba wa watoto watano wa baba yetu, mpishi wa hospitali hiyo, na mama yetu, mshona nguo, na mkunga aliyempokea alisema kitoto hiki kinalia kama kinadai haki yake, maneno ambayo mama aliyarudia kila Dada alipoanza ubishi, yaani karibu kila siku.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na lango la hospitali, kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, ambako aliadhibiwa mara moja tu, kwa kumwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima kwamba jibu la ubaoni si sahihi, na kweli halikuwa sahihi, ila mwalimu alieleza kwamba amemwadhibu kwa sauti aliyoitumia, si kwa hesabu. Akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1971 hadi 1974, kisha chuo cha uuguzi, alikohitimu mwaka 1978 akiwa wa kwanza katika darasa lake, na hapo baba alipika sufuria la wali la wodi nzima akawalisha jirani zetu, jambo ambalo nadhani hospitali haikuambiwa.

Alianza kazi mwaka huohuo katika wodi ya watoto, na humo ndimo alimokutana na shemeji yangu huyu, mpiga picha za eksirei, baada ya kumrudishia picha ya kifua cha mtoto mara tatu akisema imetikisika, hata ya nne shemeji akaipandisha mwenyewe ghorofani pamoja na soda mbili, akasema, "Muuguzi, hii ikiwa imetikisika, basi ni mkono wangu unaokuogopa". Wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza ambaye sasa ni mfamasia, wa pili mwalimu wa sekondari, na kitinda mimba aliyefuata nyayo za mama yake katika uuguzi, na nyumba hiyo haikuwahi kuwa na kimya, kwa kuwa wote watano, wazazi na watoto, walizoea kubishana mezani kana kwamba kuna hakimu anayewasikiliza.

Mwaka 1984 alikwenda chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza, kisha ya pili, akaajiriwa kuwa mhadhiri wa Kitivo mwaka 1990, na mwaka 1996 akapata uzamivu, akipewa chumba cha kazi mwisho wa korido, kati ya stoo ya viti vibovu na choo cha wanaume, na kila alipoahidiwa chumba kizuri zaidi alijibu kwamba kizuri atakipata akiwa profesa, kwani nawaambia ukweli, Dada aliutaka uprofesa, aliutaka kwa moyo wake wote, hakujifanya mtawa, na binti yake ni shahidi kwamba alikuwa akijaribu saini yake mpya nyuma ya bahasha za bili za umeme.

Utafiti uliomkaribisha kwenye cheo hicho ulihusu watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati wao, ambao mama zao walifundishwa kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wakapimwa uzito kila wiki katika kliniki tano; na kwa kuwa watoto wadogo hivyo hushikwa na baridi upesi, walipimwa wakiwa wamefungwa katika nguo za pamba za aina moja, halafu muuguzi akatoa uzito wa nguo, ambao Dada aliupima mwanzoni nguo zikiwa kavu, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba watoto walinenepa vizuri, na kwamba msimu wa mvua walinenepa zaidi kuliko msimu mwingine wowote, na akaandika kurasa nne za kueleza kwamba mvua huwaweka akina mama nyumbani, kwa hiyo watoto hunyonya zaidi, na Kitivo kikampa tuzo, kliniki nyingi za mbali zikaanza kufuata njia hiyo, na Kamati ya Kupandisha Vyeo ikapangwa kukaa Ijumaa, tarehe 16 Mei 2003.

Kuna walioniomba asubuhi hii niruke sehemu inayofuata, kwa heshima ya marehemu, nami nimewajibu kwamba mimi si panzi.

Jumapili, tarehe 4 Mei 2003, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, shemeji alianua koti lake kwenye kamba ya barazani, ambako lilikuwa limening'inia siku tatu, akalivaa, akasimama katikati ya sebule akasema, "Mama watoto, hili koti limenenepa," wote wakacheka isipokuwa Dada, ambaye alilishika koti lile, akalivua mwilini mwa mumewe bila kuomba ruhusa, akalipima kwa mizani ya jikoni, na kesho yake asubuhi alikuwa kliniki, kwenye korido zilikoanikwa nguo za watoto, na kila nguo aliyoiweka kwenye mizani ilikuwa na unyevu ambao mkono hauusikii lakini mizani inausikia, karibu gramu tisini zaidi ya uzito uliokuwa ukitolewa, hata akaketi kwenye benchi la wajawazito akamwambia muuguzi mkuu wa kliniki, "Mwenzangu, nimewapa watoto wa watu maji, nikayaita nyama."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kitivo wa wakati ule, ambaye alimpenda na kumtakia mema, naye akamshauri kama rafiki, "Dada yangu, funika kombe mwanaharamu apite, rekebisha kliniki zetu kimyakimya, acha Ijumaa ya kamati ipite, ndipo useme," na Dada akamuuliza kliniki za mbali zinazofuata makala yake zitarekebishwa na nani, na mtoto ambaye wiki hii ameacha kukua, na kadi yake inasema amenenepa, atamsubirije profesa apate cheo kwanza. Mkuu akasema, "Basi utakijutia kiti cha uprofesa," Dada akasema, "Nitakijutia nimekaa kwenye kiti changu kibovu," na Jumatano, tarehe 7 Mei, akaliomba jarida liiondoe makala yake, akarudisha tuzo, akazipigia simu kliniki zote alizozijua.

Kamati ilikaa Ijumaa ile bila jina lake, na baadhi ya wenzake, ambao leo wamekuja na miwani myeusi, walimwita mtafiti wa nguo mbichi, wakasahau kwamba katika majuma mawili wauguzi wake waliwapata watoto kumi na saba waliokuwa wameacha kukua huku kadi zikiwasifu, wakawarudisha kliniki, wakawalisha, wakawafuatilia hadi walipotengemaa. Kisha mwaka 2004 hadi 2007 alirudia utafiti wote tangu mwanzo, watoto wakipimwa uchi katika chumba kilichopashwa joto, na ikaonekana kwamba kubebwa kifuani kunasaidia kweli, ila kwa kiasi, na kwamba msimu wa mvua ndio unaotaka uangalifu zaidi, si pungufu, na mwongozo wake wa kupima watoto ndio mpaka leo uliobandikwa ukutani katika kliniki nyingi, na ndipo watu wakamwita Mama Mizani.

Uprofesa ulimjia mwaka 2014, miaka kumi na mmoja baadaye, na mhadhara wake wa kwanza akauita "Nilivyokosea", ukumbi ukacheka mpaka mafundi wa vipaza sauti wakacheka, na yule Mkuu wa zamani, akiwa amekwishastaafu, alisimama safu ya mbele akasema, "Wa kufunika kombe ni mimi hapa," wakakumbatiana. Akastaafu mwaka 2017, lakini akaendelea kuja ofisini kila Jumanne kuwasumbua vijana.

Novemba 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara kadhaa, na daktari wa moyo, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alipoanza kuyazungusha maneno, alimwambia, "Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, sema," naye akasema, na Dada akamshukuru, akamuuliza kama amekula. Akafariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono na watoto wote watatu wakiwa chumbani, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu dirisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, Kitivo kilichotuachia ukumbi huu, majirani waliolala nasi tangu Jumanne, na wewe Mkuu wa zamani, uliyekuja kwa fimbo na hukuona haya kukaa mbele. Na kabla hatujatoka naomba nafasi mlangoni, kwa sababu sita kati ya wale watoto kumi na saba, ambao sasa wana miaka ishirini na mmoja, walifika nyumbani jana na mama zao, wakaomba kwamba jeneza walibebe wao, na familia imekubali, nami nimewatazama mabega mmoja mmoja, wamekamilika.

Sogeeni, wanangu, mnyanyueni taratibu.

Pumzika kwa amani, Profesa.