Maisha ya Zakaria Lomuria, Aliyesema Dibaga Haisimami Kote

Mchungaji, wazee, majirani wetu wa Kiwanjani, ndugu zetu Waislamu nawaambia salaam aleikum, na nyinyi wengine habari zenu, mimi ni Florence, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kabla hatujamtoa hapa nyumbani leo Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1988. Jana kamati ya mazishi iliniletea karatasi hii imepigwa taipu vizuri, na kwa kalamu nyekundu ikapiga mstari kutoka mwaka wa 1983 mpaka 1984, ikaniambia hapo niruke, eti tusiamshe maneno mbele ya wageni. Nilisikia, tuendelee.

Zakaria Lomuria Lotukoi alizaliwa hapa Isiolo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Lotukoi na mama yetu Natabo aliyeketi pale mbele, na cheti cha ubatizo kinasema ni tarehe 6 Mei 1951, ingawa mwenyewe alizoea kutuambia hiyo ni tarehe ya padri, kwa sababu mama anakumbuka tu kwamba mvua ilikuwa imenyesha na mbuzi walikuwa wanazaa. Alianza shule ya msingi hapa mjini Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1965, akasoma sekondari kule Meru kuanzia 1966 hadi 1969, na kila likizo alikuwa akirudi kumsaidia baba kuingiza mbuzi bomani jioni. Wale waliomjua Mzee Lotukoi wanakumbuka ukaidi wake, kwamba hakukubali kuambiwa mbuzi wametimia na mtu aliyewaangalia wa mbele peke yao, lazima kila mbuzi ashikwe sikio, alama ionekane, hata kama ni mia na mvua inanyesha. Zakaria alikua na mkono huo, na mkono huo ndio uliomponza.

Mwaka wa 1971 alienda Nairobi kusomea kompyuta, wakati ambapo hapa kwetu hakuna aliyejua ni mnyama gani, na tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa katika kituo kimoja cha kompyuta ambacho familia imenikataza kukitaja, akaanza kama mtu wa kulisha mashine kadi, na kufikia mwaka wa 1977 akawa mwandishi wa programu, akikaa na mashine siku nzima kama mtu anayebishana na punda. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa kanisani na Kagure, na Mungu akawajalia watoto wawili, Natabo aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1979, na Lotukoi aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1982. Kagure, shemeji yangu, najua kuna waliosema hutamaliza mwaka na Mturkana, umemaliza kumi kasoro miezi minne, na wewe ndiye uliyemwosha.

Sasa tumefika kwenye mstari mwekundu, na mimi siruki ng'o.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1983 kituo kile kililetewa programu mpya ya kusaka makosa, wao waliiita dibaga, na kazi yake ni kwamba ukishuku sehemu fulani ya programu nyingine, unaiambia dibaga isimame hapo, kila kitu kinatulia, unachungulia ndani uone tarakimu ziko vipi. Zakaria alipewa kazi ya kuijaribu, na kitu alichokijaribu ni hiki, alinieleza mara nyingi mpaka nikakishika. Kuna vipande vidogo vya programu vinavyotumika mara nyingi, na mashine, ili iende haraka, haikiachi kipande mahali pake, inakinakili na kukichomeka kila mahali kinapohitajika, kwa hiyo kipande kimoja kinakuwa vinne, na ukisema dibaga isimame kwenye kipande hicho, ni lazima isimame kote kunne. Aliandika programu ndogo ya majaribio, na mahali panne akapaita kwa majina ya wanyama wa nyumbani, ng'ombe, mbuzi, ngamia na punda, akaiendesha, dibaga ikasimama kwa ng'ombe, ikawapita hao wengine watatu kama hawapo. Akarudia siku tatu, na jibu likawa lile lile.

Tarehe 14 Machi 1983 alipeleka ripoti kwa mkubwa wake, na mkubwa akamwambia dibaga imeshapokelewa, mkataba umeshatiwa sahihi, ikisimama mahali pamoja inatosha, aandike imefaulu aende nyumbani. Zakaria akasema hawezi kuandika hivyo, kwa sababu haijafaulu. Basi mkubwa akaandika mwenyewe, na tangu siku hiyo kaka yangu akahamishiwa chumba cha karatasi, mtu wa miaka kumi kazini, akawa wa kupanga mafaili.

Aprili 1984 kituo kilitoa programu ya kuhesabu siku za mifugo katika karantini tangu kuchanjwa, na kabla haijatoka wakaishuku ile sehemu ya kuhesabu siku, iliyochomekwa kwa kila aina ya mnyama, wakaiambia dibaga isimame, ikasimama kwa ng'ombe tu, wakaangalia tarehe, zikawa safi, wakasema kote ni safi. Kwa mbuzi, jamani, siku ilikuwa imewekwa mahali pa mwezi, na mwezi mahali pa siku. Mbuzi waliochanjwa hapa Isiolo tarehe tisa mwezi wa saba wakahesabiwa kama wamechanjwa tarehe saba mwezi wa tisa, siku ambayo ilikuwa haijafika, na orodha ikaja kutoka Nairobi ikisema wasitoke. Mnaukumbuka mwaka ule, sina haja ya kuwaeleza ukame. Bile, jirani yetu mwenye biashara ya mbuzi, alienda ofisi ya mifugo na cheti cha chanjo mkononi, karani akamjibu kwamba yeye ni nani abishane na kompyuta, na mbuzi wakafa ndani ya uzio mmoja baada ya mwingine, wa Bile na wa wengine wengi mlio hapa, majani yakiwa ng'ambo ya waya.

Na chini ya kila orodha iliyobandikwa ukutani palikuwa na maneno, imetayarishwa na Z. L. Lomuria. Hakuitayarisha. Yeye ndiye aliyeipanga mashine ya kuchapa mwaka wa 1982, na tangu hapo ilikuwa inaweka jina lake yenyewe chini ya kila karatasi, hakuna aliyejisumbua kulitoa. Lakini nyinyi mlisoma jina, mkamjua mtoto wa Lotukoi, mkasema ndiye aliyefungia mbuzi wetu, na kule Nairobi mkubwa alipoulizwa akasema majaribio yote yalikuwa ya Lomuria, akaosha mikono. Kaka alifutwa kazi tarehe 30 Novemba 1984.

Alirudi hapa Januari 1985, akafundisha hesabu watoto wa shule ya msingi bila barua ya kuajiriwa, na nyinyi mnajua mlivyompokea. Alikuwa akiingia hotelini kunywa chai, meza inabaki yake peke yake. Bile hakumsalimu miaka mitatu, na wazee wa kwetu walimwambia mama asimlete kwenye vikao. Alijieleza mara moja, sokoni, mkamcheka, mkasema mashine haidanganyi, na tangu hapo hakujieleza tena. Mimi nina uchungu na nyinyi, haki ya Mungu ninao, na sitausema kwa sauti ya chini kwa sababu tuko matangani.

Vidonda vya tumbo vilimwanza mwaka wa 1986, Mei mwaka huu akaanza kutapika damu, akalazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa na Kagure na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na inamshukuru Habsa, mke wa Bile, aliyeleta maziwa kila asubuhi kupitia mlango wa nyuma wakati mumewe alikuwa hapiti hata wa mbele. Bile, nimekuona umesimama kando ya ua tangu asubuhi, karibu ukae. Tunaishukuru ofisi yake ya zamani kwa shada lile kubwa lenye utepe, mkubwa ameandika kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi makini, na sisi tumeliweka pale karibu na choo. Katika wafanyakazi wenzake aliyekuja ni mmoja, Peris, aliyekuwa mpiga taipu, amesafiri kutoka Nairobi na bahasha, na ndani yake mna nakala ya ripoti ya tarehe 14 Machi 1983, aliyoificha miaka mitano. Iliandikwa Kiingereza, Peris amenisaidia kuigeuza, na ni fupi.

Ng'ombe, imesimama. Mbuzi, imepita. Ngamia, imepita. Punda, imepita. Dibaga hii isitumike kuthibitisha kazi yoyote mpaka isimame kote. Mjaribu, Z. L. Lomuria.

Hilo ndilo jina aliloliandika kwa mkono wake, mengine mashine iliandika. Karatasi hii haizikwi, itabandikwa kesho kwenye ukuta ule ule wa ofisi ya mifugo, na asiyejua kusoma atasomewa.

Lomuria, mwana wa Natabo, walitaka tupapite pale penye mstari mwekundu, tumesimama. Pumzika kwa amani.