Mama Violeth na Skrini Iliyosahau Watu

Kosa la wengi ni kudhani kwamba data ikishapelekwa kwenye wingu, haipotei tena. Bernadina Jilala, Mama Violeth, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na sita katika mgodi wetu hapa Geita, amelipinga kosa hilo kwa maneno mengi ya upole, na siku moja kwa kukaa kitako.

Alianza akiwa karani wa stoo, akaenda Mwanza kusomea kompyuta, akarudi kusimamia mifumo. Ndiye aliyetuletea skrini inayoonyesha nani yuko shimoni. Majina hayo hukaa kwenye hifadhidata tuliyokodi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine tunazozifikia kwa mtandao. Tena hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, siyo kwenye diski. Kwa hiyo hujibu upesi ajabu, na mashine ikizimika husahau upesi vilevile. Mashine hiyo huitwa nodi. Sisi tulikuwa na moja tu. Wakubwa walisema inatosha.

Msimu wa mvua uliopita nodi ilizimika, ikawaka upya. Skrini ikaonyesha sifuri. Charles Masalu, msimamizi wa zamu, akaamuru baruti ilipuliwe. Mama Violeth akatoka mbio, akakikalia kisanduku cha kulipulia.

"Mama, nyanyuka! Skrini inasema shimoni hakuna mtu."

"Haijasema, baba. Imesahau. Nenda kaite mdomoni mwa shimo."

Charles akaenda kuita, amenuna. Kutoka chini ikapanda sauti ya Mwigulu, mchimbaji: "Tupo! Mnatuita tu, ugali uko wapi?"

Charles alikaa chini pale pale kwenye tope.

Siku hizi tuna klasta, yaani nodi kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Nodi kuu hupokea data, nodi nakala huifuata, na kuu ikianguka nakala hushika nafasi. Ila nakala hufuata hata makosa: ukifuta huku, kule nako kunafutika. Ndiyo maana kuna picha ya data, yaani nakala ya jinsi ilivyokuwa saa fulani, inayohifadhiwa pembeni kwenye diski. Data nyingine hupewa muda wa uhai, ukiisha, inafutwa. Wageni wa ofisini kwa Mama Violeth nao walipangiwa muda wao: ukiisha, kikombe kinaondoka na chai yake.

Asante, Mama Violeth. Dengu zako zistawi huko kwenu Mhunze, na wajukuu wakuache ulale.

Nawe unayekalia kiti chake: leo, kabla ya kugusa keki ya kumuaga, rudisha picha ya jana kwenye nodi ya majaribio uone kama inafunguka.