Chisense ya Rosaria Ililipa Mara Ngapi

Geti ya ushuru pale ufuoni ni bomba moja la chuma linalopanda na kushuka kwa kamba. Pembeni yake, kwenye kivuli cha stoo ya barafu iliyokufa zamani, kuna ubao wa mashua uliowekwa juu ya rimu mbili za lori. Watu wanauita Tribinali. Hakuna kesi ya mji huu wa Nchelenge ambayo haijahukumiwa pale: ndoa, mpira, vita vya ng'ambo ya ziwa, bei ya sukari. Kahawa ni ya Rosaria, mama aliyevuka ziwa wakati bunduki zilipoanza kulia upande wa Pweto, akafika na birika moja na watoto wawili. Na Tribinali ina sheria moja tu, lakini hiyo moja inashikwa kuliko sheria zote za serikali: kahawa ikiisha, Rosaria anafunika birika kichwa chini, na aliyesema neno la mwisho njo analipa vikombe vya wote. Kwa hiyo hakuna mutu anayetaka kumaliza. Unasema kitu kikubwa, kikubwa mpaka mwenzako ashindwe kunyamaza, halafu unafunga kinywa na kuangalia birika.

Katika kazi hiyo Fanwell hakuwa na wa kulingana naye. Alitengeneza baiskeli palepale ukutani, mipira imetundikwa juu ya musumari, pampu kati ya miguu, na hakuna aliyekumbuka kumuona akilipa kahawa. Walimuita Avoka, yaani wakili, kwa sababu alisema aliwahi kusimama mu koti kubwa ya Mansa, mahakama ya majaji, na jaji akamuomba apunguze sauti, madirisha yalikuwa yanatikisika. Ile nafasi ya ukutani alipewa na mukubwa wa geti, kwa mdomo, bila karatasi. Kilichotolewa kwa mdomo kinaweza kurudishwa kwa mdomo. Jambo hilo Fanwell alilijua vizuri, na hakuwahi kulitia mu mazungumzo.

Siku ile mawingu ya Novemba yalikuwa yamelala juu ya ziwa, na ndani ya geti, chini ya mabati yenye matundu, kulikuwa magunia ya Rosaria.

Mambo yalikuwa hivi. Siku chache nyuma Rosaria alinunua chisense, tusamaki tudogo kama vidole vya mutoto, ikiwa bado mubichi mu mashua. Akalipa ushuru palepale majini. Akaianika juu ya muchanga, mbele ya ubao, jua likaikausha, jioni akaitia mu magunia aipeleke kwenye lori ya Copperbelt. Kufika geti wakamwambia: lipa tena. Ile ya asubuhi ilikuwa samaki, hii sasa ni bidhaa. Rosaria akakataa. Magunia yakashikwa. Naye akafanya kitu ambacho hakuna mama wa soko aliyewahi kukifanya: akaenda boma kwa mguu, akafungua kesi. Ingesikilizwa kesho yake ya siku ile ya mawingu.

— Sasa hiyo sheria yenyewe inasema nini? aliuliza Kapembwa.

Kapembwa walimuita Mufulira. Alifanya kazi kule Mufulira, mu mine ya shaba, mpaka mine ikauzwa, sasa alikuwa anauza betri na sabuni, na muke wake alikuwa anafagia ofisi ya ushuru.

— Inasema samaki yenye kutoka mu ziwa italipa, alijibu Rosaria, akimimina. Majistreti, ule hakimu wa boma, alinisomea. Italipa. Haisemi italipa, halafu italipa tena.

— Alo, njo pale kazi iko, alisema Evariste.

Huyu alikuwa fundi wa kushona, mutu wa Kilwa ile ya ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo ilikuwa haijatoka mu kinywa chake, walimuita Sitwayen, mwananchi, kama watu walivyoitana kule wakati wa Zaire.

— Minauliza tu. Samaki ikikauka, iko bado ile ile? Mubichi ina macho, ina damu, inanuka ziwa. Mukavu inanuka jua. Weka zote mbili mbele ya paka. Paka atakamata gani?

— Atakamata zote mbili, alisema Fanwell, na hatalipa hata moja. Ule paka namujua, anafanya kazi mu ofisi.

Walicheka kidogo, wakaangalia geti, wakaacha kucheka.

— Musitukane ushuru, alisema Kapembwa. Kisima cha soko kilichimbwa na nini? Kwa kuimba? Taa ya kliniki inawaka na nini? Mutu akijifungua usiku, njo utajua ushuru ni kitu gani.

— Ba Kapembwa, alisema Rosaria, mutoto wangu walimushona kichwa chini ya ile taa. Miye sikatai kulipa. Nilikuwa wa kwanza pale ku mashua, na mvua ya asubuhi juu yangu. Nalipa mara moja kwa samaki moja. Mara ya pili, banionyeshe nani aliandika.

— Anaandika ule mwenye kushika kamba, alisema Evariste. Kwetu wakati wa Zaire nilionaka askari moja analipisha kivuli. Ndiyo. Ukisimama karibu na ukuta wa serikali, kivuli ni cha serikali. Asubuhi unalipa kidogo juu kivuli ni kirefu lakini hakina nguvu. Saa sita unalipa mingi.

— Ukuta huu ni wa nani? aliuliza Fanwell.

— Wa serikali.

— Basi papa Evariste, weye wataanza kukuuza na cherehani yako.

Evariste alimeza kahawa, akaangalia birika. Ilikuwa bado nzito mu mkono wa Rosaria. Ikawa zamu ya Kapembwa.

— Lakini ukifikiri vizuri, hawakosi akili. Mubichi ni moja. Mukavu ni ya pili. Ikiingia mu sufuria na nyanya, ni ya tatu. Ikiingia mu tumbo, ya ine. Kesho banatuma mutu na mashini, anasimama ku mulango wa choo.

— Na risiti atakupa pale pale, alisema Evariste.

— Hamuelewi, alisema Fanwell.

Akaweka pampu chini, ishara kwamba sasa kinakuja kitu cha kweli.

— Nyinyi munaona chisense. Miye minaona Lusaka. Sikilizeni. Koti ikisema samaki ikikauka inakuwa samaki ingine, basi mutu akizeeka anakuwa mutu mwingine. Na mutu mwingine hawezi kulipa deni la yule kijana. Ile siku benki zote zinafunga. Wazee wote wa inchi wanakuwa huru, wanacheza mu barabara. Mawaziri hawalali. Kesi inapanda Mansa, inapanda Lusaka, inapita bahari. Inafika kwa bale majaji wenye kuvaa nywele za kondoo. Wanaletewa chisense ya mama Rosaria juu ya sahani ya feza. Mukubwa wao ananusa, anafunga macho. Anasema: muniitie ule Fanwell wa Nchelenge.

— Na ule Fanwell atasema nini? aliuliza Kapembwa.

— Kwanza atakaa. Hawezi kusema amesimama mbele ya batu wamekaa.

Siku nyingine hapo ubao ungetikisika kwa kicheko. Rosaria hakucheka. Alikuwa anaangalia mabati ya geti, na juu ya mabati mawingu.

— Mvua ikinyesha leo, alisema, ile chisense itarudi mubichi. Njo watanilipisha mara ya tatu.

Rosaria akaketi juu ya ndoo yake, kitu ambacho hakufanyaka akiwa na wateja.

— Majistreti ni mutu muzuri, aliendelea. Aliniambia wazi. Mama, sheria niko nayo hapa, nitaisoma, nikiona geti haina ruhusa ya kulipisha mara mbili nitafunga ile mara ya pili, si kwako peke yako, kwa bamama wote wa ufuo. Lakini mbele yake, mukubwa wa geti amesimama, amesema: hatujue kama chisense hii njo ile. Inaweza kuwa ingine, ilipita usiku bila kulipa. Bon. Nitaonyesha nini? Asubuhi ukilipa, hawakupe karatasi. Banachora chokaa ku kikapo, na kikapo kinarudi mu mashua na muvuvi wake. Majistreti akaniambia: leta mutu moja aliyeona. Si kile anajua, si kile anafikiri. Kile aliona. Kama hakuna, kesi haifike hata ku sheria. Itakufia ku mulango.

— Na ikikufa? aliuliza Evariste, polepole.

— Magunia yatauzwa. Ile njo ilikuwa pesa yangu yote, papa Evariste. Nitarudisha batoto ng'ambo.

Ng'ambo kila mutu aliijua. Usiku mwingine, hewa ikitulia, sauti za bunduki zake zilivuka maji.

Fanwell aliokota pampu, akaigeuza, akaitazama kana kwamba ni ya mutu mwingine. Kinywa chake kilikuwa kimezoea kukimbilia mbele, nacho kikakimbia:

— Hii sheria ya mashahidi ililetwa na bazungu juu wao hawaaminiane. Jaji wa Mansa aliniambia ku sikio, Fanwell, alisema...

— Samahani, mukwai.

Sauti hiyo ya heshima ilitoka mwisho wa ubao. Pale alikuwa amekaa mama moja wa Puta, upande wa Chienge, jina lake Towela, na furushi la chumvi kati ya miguu. Alikuwa anangoja lori ya kurudi Chienge, amelipia kikombe chake mbele kama wageni wanavyofanya, na walikuwa wamemusahau.

— Ile siku, huu ubao ulikuwa hapa?

— Ulikuwa, alisema Kapembwa. Utaenda wapi?

— Na nyinyi mulikuwa juu yake?

Muchanga wa kuanikia ulikuwa mbele yao, karibu hivi kwamba mutoto akitema mate yanafika. Ile siku walikuwa hapo tangu mashua zinaingia mpaka magunia yakashonwa. Kuku wa soko walipokuja kudonoa chisense, Fanwell mwenyewe aliwafukuza kwa mupira wa baiskeli, akahesabu sifa zake kwa kila kuku.

Kapembwa alikohoa.

— Muke wangu, alisema. Akaacha hapo. Fagio la muke wake lilikuwa ndani ya ile ofisi, na wote walijua.

— Miye mbele ya tribinali ya kweli, alisema Evariste, watauliza kwanza karatasi yangu ya kukaa inchi hii. Kabla ya samaki.

Jambo hilo alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mutu, na sasa alilisema akiangalia vidole vyake. Rosaria alimimina kidogo mu kikombe chake, bila kuombwa.

Akabaki Fanwell. Aliangalia musumari wake, mipira yake, alama nyeusi ya mafuta ambayo miaka ilichora ukutani mahali pa mgongo wake. Kutoka pale aliweza kuona kofia ya mukubwa wa geti ikipita nyuma ya dirisha. Kuhusu koti kubwa ya Mansa na madirisha yake, tuache.

— Ningesema, alisema, lakini mutu wa kiwango changu, majistreti mudogo anaweza kuogopa...

— Baba, alisema Towela, bila kupandisha sauti. Sikuuliza weye ni nani. Uliona nini?

— Niliona mashua. Kubwa kama kanisa. Na chisense inang'aa, yani ukiangalia unapofuka, hata ndege wa angani walikuwa...

— Ba Fanwell, alisema Rosaria.

Alisema hivyo tu. Hakumuomba. Alimuangalia kama mutu anayeangalia kamba na kujiuliza kama itabeba ndoo.

Fanwell alijaribu tena mu kichwa chake. Kila alipolichukua lile jambo, lilikuja limevaa nguo zake nzuri: kanisa, ndege, kuku jeshi zima. Akaanza kulivua. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri, kwa sababu kila nguo aliyoitoa ilikuwa yake, na kilichobaki chini kilikuwa kidogo, cha kila mutu, hata kipofu wa soko angeweza kukisema kama angekuwa na macho. Kilikuwa kidogo mpaka aliona haya.

— Niliona mama Rosaria analipa ku mashua, alisema. Niliona anaanika hapa. Nilifukuza kuku. Jua lilishuka, niliona anatia mu magunia. Haikutoka hapa, haikuingia ingine. Ni ile ile.

Akapumua.

— Kesho nitaenda kusema.

Kisha akangoja. Ilikuwa desturi yake kungoja, mwenzake ashindwe kunyamaza. Kapembwa alikuwa na kinywa wazi kidogo. Evariste alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakuna aliyeongeza kitu, na hakukuwa kitu cha kuongeza.

Rosaria alitikisa birika, akasikiliza. Akaigeuza juu ya kikombe cha Fanwell, matone yakashuka, yakaisha. Akaifunika kichwa chini juu ya muchanga.

Fanwell akatia mkono mufukoni. Alilipa vikombe vya wote, pesa akaiweka juu ya ubao, na hakuna aliyemucheka, ingawa kwa miaka walikuwa wamejiandaa kwa siku hiyo. Towela alifunga furushi lake. Lori ilikuwa inapiga honi ku barabara.

Halafu Fanwell alisimama, akaanza kutoa mipira ku musumari, mmoja mmoja, akaitia mu sanduku. Alitoa pia musumari wenyewe. Evariste aliinuka akashika upande wa pili wa sanduku, hakusema kwa nini. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka juu ya mabati ya geti.

Kapembwa alibaki ameketi. Aliangalia birika iliyofunikwa. Ikiwa imefunikwa, maneno hayakuwa na bei tena, mutu anaweza kusema anavyotaka bila kulipa hata ngwee, hata senti moja.

— Hapa na boma ni mbali kwa mguu, alisema. Mutaondoka saa ngapi?